Kazi Zisizo na Mwenyewe: Niliyojifunza Katika Umeneja wa Ofisi

Barua iliyonitoa mapokezi na kunipa umeneja wa ofisi iliambatanishwa na orodha ya majukumu: kusimamia vifaa, kutunza kumbukumbu, kuandaa vikao, kushika fedha za matumizi madogo, kuwasimamia wahudumu na walinzi, kufuatilia matengenezo, na mwishoni kabisa, kama ilivyo kwenye barua nyingi za ajira, "kazi nyingine yoyote utakayopangiwa". Orodha ile haikuwa na kosa. Lakini mtu angeweza kuitimiza yote, kipengele kwa kipengele, na ofisi ikaendelea kukwama kila wiki, kwa sababu haikutaja jambo ambalo sasa naliona ndilo roho ya kazi hii.

Katika kila ofisi kuna kazi zenye wenyewe na kazi zisizo na mwenyewe. Mhasibu anazijua hesabu zake, mwanasheria anaijua mikataba yake, dereva analijua gari lake. Katikati yao ndipo penye taa ya korido iliyoungua, barua iliyofika bila jina la mpokeaji, mkataba wa pango unaokaribia kuisha, mlango wa nyuma usiofungika vizuri, na ufunguo ambao haijulikani unafungua kabati gani. Kila mmoja anapita hapo akiamini mwenzake ameshatoa taarifa. Hakuna mzembe kati yao. Ni vile tu jambo la wote halimuumi mtu mmoja. Meneja wa ofisi ndiye wa kuumwa nalo. Si lazima alifanye kwa mikono yake, na mara nyingi hapaswi. Wajibu wake ni kuhakikisha limepata mtu na limepata tarehe.

Wiki zangu za mwanzo nilizunguka na daftari chumba hadi chumba. Nilipiga mistari ya safu: kitu chenyewe, nani anakitumia, nani anakitunza, nani ataitwa kikiharibika. Safu ya watumiaji ilijaa upesi, maana kila mtu anajua anachokitumia. Safu ya watunzaji ilibaki nyeupe karibu ukurasa mzima. Mashine ya fotokopi ilikuwa ikitumiwa na ghorofa nzima na haikuwa na mtunzaji. Jenereta vivyo hivyo. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa na bandeji zilizopitwa na muda, na kila niliyemuuliza alinielekeza kwa mwingine. Nilizijaza nafasi zile moja moja, kwa kuzungumza na watu na kukubaliana nao, na naamini kazi ile ilinisaidia kuliko mafunzo yoyote ya darasani.

Ingawa darasani nako nilipata kitu. Tulifundishwa habari za Henri Fayol, mhandisi wa Ufaransa aliyeongoza kampuni ya migodi kwa miaka mingi, na ambaye mwaka 1916 alichapisha kanuni zake 14 za utawala. Mojawapo ni ya mpangilio: kila kitu kiwe na mahali pake, na kila mtu awe na mahali pake. Wengi wetu tuliishia kwenye nusu ya kwanza, tukanunua makabati na lebo. Nusu ya pili ndiyo ngumu. Kabati lenye lebo nzuri lisilo na mtu wa kuliangalia hurudi kwenye vurugu kabla ya mwisho wa mwezi.

Stoo ndiyo iliyonipa mazoezi ya kwanza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na stoo ya ofisi hupoteza vitu kwa namna hiyo hiyo, kalamu baada ya kalamu. Niliweka leja: kilichoingia, kilichotoka, aliyechukua, salio. Halafu nikaweka kiwango cha kuagizia kwa kila kitu kinachotumika sana. Hesabu yake ni nyepesi. Kama ofisi inatumia rimu 2 za karatasi kwa siku, na msambazaji huchukua siku 5 kuleta mzigo, basi rimu 10 zitaisha wakati unasubiri. Ukiongeza 4 za tahadhari, unaagiza salio likifika 14, huku rafu bado ikionekana imejaa. Watu wengi huagiza wanapoona rafu tupu, na hapo ndipo barua ya muhimu inapokosa karatasi.

Kupokea mzigo nako kuna elimu yake. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297, na karatasi 16 za ukubwa huo zikipangwa pamoja hutimiza mita moja ya mraba. Kwa hiyo karatasi iliyoandikwa gramu 80 kwa mita ya mraba huwa na gramu 5, na rimu yenye karatasi 500 huwa na kilo 2.5. Kuna kipindi mashine yetu ilikuwa ikikwama kila saa, karatasi zikijikunja ndani, na fundi akasema mashine ni nzima. Nilichukua rimu kadhaa nikazipima kwenye mizani ya vifurushi pale mapokezi. Hazikufika hata kilo 2.2, ingawa karatasi ya nje ilisema gramu 80. Nilimwita msambazaji, nikapima mbele yake, naye akabadilisha mzigo wote bila mabishano. Ningemwendea na lawama tupu tungebishana siku nzima. Mizani ilimaliza maneno.

Tangu hapo hakuna ankara iliyolipwa kwangu bila kulinganishwa na karatasi nyingine mbili: oda ya manunuzi inayosema tuliagiza nini, na hati ya kupokelea mzigo inayosema tumepokea nini. Zote tatu zikikubaliana kwa aina, idadi na bei, malipo yanapita. Moja ikipishana, malipo yanasubiri. Na anayesaini kupokea asiwe yule aliyeagiza. Hili watu huliona kama kutoaminiana, nami huwaeleza kwamba linamlinda mwaminifu kwanza, maana siku kitu kikipotea yeye ana karatasi ya kumsemea.

Fedha za matumizi madogo ndizo zinazovunja urafiki ofisini kuliko kitu kingine ninachokijua. Utaratibu wa masurufu una uzuri wake: kiasi cha jumla hakibadiliki. Sanduku likianza na 1,000, saa yoyote litakapofunguliwa, fedha iliyobaki ikijumlishwa na vocha, yaani hati za malipo, zilizolipwa lazima ifike 1,000. Vocha zikiwa za 640, fedha iwe 360. Idara ya fedha inapojaza tena, inarudisha 640 zile zile. Mtu yeyote anaweza kukukagua kwa dakika chache, na mimi huwaomba wanikague bila kunipa taarifa.

Shida haiko kwenye hesabu, iko kwa watu. Mkuu mmoja wa idara, mtu mzima ninayemheshimu, alikuwa na mazoea ya kupita akiwa na haraka.

"Dada, nipe tu ya usafiri, risiti nitaleta kesho."

"Kaka, fedha ipo. Saini hapa kwenye vocha ya muda, kesho ukileta risiti naichana vocha hii mbele yako."

"Mimi wa kusainishwa?"

"Hata mkurugenzi jana amesaini, kaka. Hii hapa."

Alisaini. Ilisaidia kwamba nilichosema kilikuwa kweli. Nilikuwa nimemwendea mkurugenzi mapema na kumweleza kwamba kanuni isiyomgusa yeye haitamgusa yeyote, naye akakubali kusaini kila mara bila kukumbushwa. Meneja wa ofisi hana mamlaka makubwa juu ya wakuu wa idara. Anachoweza ni kupata neno la aliye juu yao kabla jambo halijatokea, ili asije akalitafuta wakati watu wameshakasirika.

Sasa niseme habari ya masijala, chumba cha kutunzia majalada ya ofisi, kwa sababu hapo ndipo nilipompata mwalimu wangu wa kweli. Nilimkuta mzee aliyekuwa amekaa na majalada karibu maisha yake yote ya kazi, anakaribia kustaafu, na vijana wengi walimchukulia kama mtu wa zamani tu. Niliomba anifundishe. Alinikalisha kwenye kiti na kunipa jalada moja nilisome kuanzia mwanzo.

"Umeona nini, mwanangu?"

"Barua, mzee."

"Tazama pembeni juu."

Kila karatasi ilikuwa na namba ya ukurasa kwa wino mwekundu, ikifuata mfululizo tangu ya kwanza. Akanieleza kwamba karatasi ikichomolewa, namba itakayokosekana itasema. Barua inayoingia hugongwa mhuri wa tarehe, huandikwa kwenye rejista ya barua zinazoingia pamoja na kumbukumbu namba yake, huwekwa kwenye jalada lake, hupewa namba ya ukurasa, ndipo jalada lote hupelekwa kwa ofisa anayehusika. Haipelekwi barua peke yake. Ofisa akilifungua anakuta historia nzima ya jambo, haandiki jibu linalopingana na lile alilotoa mwenzake miaka mitatu nyuma. Na jalada linapotoka rafuni, mahali pake inabaki kadi yenye jina la aliyelichukua na tarehe.

Kadi ile nilikuja kuithamini siku ambayo wanasheria walihitaji mkataba wa zamani wa matengenezo, na mtu wa upande wa pili alikuwa ameshatoa notisi ya madai. Ofisi nzima ilianza kufungua droo. Mzee alikwenda rafuni, akaitoa kadi, akasoma jina la ofisa aliyehamishiwa tawi lingine, akampigia. Jalada lilikuwa kwenye kabati lake la huko, likarudi kesho yake. Ndani yake kulikuwa na barua iliyosema wazi kwamba kazi haikupokelewa kwa sababu haikukamilika, na iliyosainiwa na pande zote mbili. Madai yaliishia hapo.

Nilichojifunza kwa mzee yule ni kwamba kumbukumbu huwekwa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajaajiriwa. Yule anayeandika leo anajua kila kitu na haoni haja. Atakayeihitaji karatasi ni mgeni, ana haraka, na wote walioshuhudia wameondoka. Kabla mzee hajastaafu nilihakikisha amekaa na vijana wawili kwa miezi, siyo mmoja, kwa sababu elimu iliyo kichwani mwa mtu mmoja ni sawa na kabati ambalo ufunguo wake ni mmoja tu.

Majalada hayatunzwi milele pia. Tulitengeneza ratiba ya kila aina ya kumbukumbu itakaa miaka mingapi, tukiangalia sheria ya kodi, sheria ya kazi na mikataba inavyotaka, na nani ataidhinisha kuharibiwa kwake. Hakuna anayeruhusiwa kuchana kwa sababu rafu imejaa.

Kuhusu vikao nitasema machache. Kumbukumbu za kikao ambazo haziandiki nani atafanya nini na lini ni hadithi. Niliwaomba wenyeviti wote tumalize kila ajenda kwa jina na tarehe, na kikao kinachofuata kifungue yatokanayo, yaani ufuatiliaji wa yaliyoamuliwa kikao kilichopita, kwa kusoma majina hayo kwa sauti. Rasimu naitoa ndani ya siku mbili, watu bado wanakumbuka. Hayo tu yalitosha kupunguza vikao, kwa sababu vingine vilikuwa vikiitishwa kujadili upya mambo yaliyokwisha kuamuliwa.

Matengenezo ndiyo eneo ambalo sifa ya meneja hujengwa bila mtu kuiona. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye ofisi nyufa nyingi zina tarehe zinazojulikana kabisa: bima inaisha lini, leseni inahuishwa lini, notisi ya pango inatakiwa kutolewa miezi mingapi kabla, jenereta inabadilishwa oili baada ya saa ngapi za kufanya kazi, betri za kifaa kinachoshikilia umeme wa kompyuta zimetimiza umri gani. Hizo za mwisho hudumu kwa kawaida kati ya miaka 3 na 5, kisha siku umeme ukikatika kifaa kinazimika palepale na kazi za watu zinapotea. Nina kalenda moja ya mambo hayo yote, na kila tarehe nimeirudisha nyuma kwa muda unaohitajika kuandaa. Bima inayoisha mwishoni mwa mwezi wa sita kwangu ina alama mwezi wa nne.

Mitungi ya kuzimia moto ilinifundisha kutoamini macho. Ile ya unga huwa na kipimo chenye mshale, na mshale ukiwa kwenye rangi ya kijani unajua mgandamizo upo. Lakini ule wa kaboni dayoksaidi, unaofaa kwa moto wa vifaa vya umeme, hauna kipimo hicho; hujulikana kwa kupimwa uzito na kulinganishwa na uzito ulioandikwa juu yake. Fundi alipokuja na mizani yake, mtungi uliokuwa ukining'inia nje ya chumba cha seva, msafi na unang'aa, ulikuwa umepungukiwa sana. Ulipelekwa kujazwa siku hiyo hiyo. Sasa ukaguzi wa kila mwezi una mtu wake na kadi yenye saini kwenye kila mtungi, na ninapita mwenyewe kuangalia kwamba mlango wa dharura haujageuzwa stoo ya maboksi. Hilo la maboksi ni vita isiyoisha, nami siko tayari kushindwa, kwa sababu moshi haumpi mtu nafasi ya kuhamisha maboksi.

Lakini ukiniuliza ni nini kinachompima meneja wa ofisi kuliko vyote, nitasema ni watu ambao majina yao hayamo kwenye chati ya uongozi. Mhudumu wa usafi anaingia kila chumba. Mlinzi anamwona kila anayetoka na alichobeba. Tarishi anajua ni idara ipi inachelewesha barua. Niliwajumuisha kwenye kikao kifupi cha kila Jumatatu, nao ndio wanaoniambia bomba linavuja, tundu la umeme limepata joto, kufuli limelegea, kabla ya mtu mwingine yeyote. Mama mmoja wa usafi aliniambia dari ya chumba cha mikutano imeanza kubadilika rangi. Fundi alipopanda juu alikuta bomba limepasuka na maji yamefika karibu na nyaya. Nilimwandikia barua ya pongezi, ikasomwa mbele ya wote na ikaingia kwenye jalada lake la utumishi. Watu hawa wakilipwa kwa kuchelewa, au wakisemeshwa kama vyombo, taarifa hizo hukauka, na ni haki yao zikauke.

Upande wa pili wa jambo hilo ni siri. Meneja wa ofisi anaona mishahara, barua za onyo, vyeti vya hospitali, ugomvi wa wakubwa. Siku moja niliikuta hati ya mshahara ya mtu kwenye printa ya pamoja, imelala uso juu, na vijana wawili wakisubiri kazi zao kando. Niliigeuza, nikaiweka kwenye bahasha, nikampelekea mwenyewe mkononi. Halafu nikamwomba mtaalamu wa kompyuta aweke mpangilio ambao printa haitoi kitu hadi mtumaji afike na kubonyeza namba yake. Kumkemea aliyesahau kusingezuia mwingine kusahau kesho.

Na kuna kukaa katikati. Wafanyakazi wanakuja kwako na malalamiko ya kiti kinachoumiza mgongo, wakubwa wanakuja na agizo la kubana matumizi, na kila upande unataka uwe wake. Niliamua mapema kwamba ujumbe wa upande mmoja naufikisha kwa mwingine bila kuupunguza wala kuutia chumvi, na kama jibu ni hapana nalileta mwenyewe siku ile ile, pamoja na sababu. Watu huvumilia hapana. Wanachochoka nacho ni "tunalishughulikia" ya miezi mitatu.

Siku hizi kazi zisizo na mwenyewe zimehamia kwenye kompyuta. Folda za pamoja zina mafaili yanayoitwa "mpya", "mpya kabisa" na "ya mwisho", na mfumo wa mzee wa masijala unafaa huko kama ulivyofaa kwenye karatasi: tarehe mwanzoni mwa jina, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, ili zijipange zenyewe, kisha jambo, kisha namba ya toleo. Kibaya zaidi ni akaunti. Niligundua kwamba tovuti ya ofisi ilikuwa imesajiliwa kwa barua pepe binafsi ya mfanyakazi aliyeacha kazi zamani. Tarehe ya kulipia ilipokaribia, taarifa zote zilikuwa zikienda kwake. Nilimtafuta, naye kwa uungwana wake akatukabidhi kila kitu ndani ya wiki. Angeweza kuwa amebadilisha anwani, au amefariki, na jina ambalo wateja wanalijua lingeponyoka mikononi mwetu.

Baada ya hapo tuliandaa rejista ya akaunti zote, kuanzia tovuti hadi ving'amuzi vya milango, ikionyesha iliyosajiliwa kwa anwani ya ofisi, watu wawili wanaoweza kuingia, na tarehe ya kuhuishwa. Fomu ya kumruhusu mtu anayeondoka sasa ina mstari wake kwa ajili hiyo, chini ya ule wa funguo na kitambulisho, na mstari huo nausaini mimi baada ya kujaribu mwenyewe kuingia.